Kutoka Toronto hadi Ndia Kuu

"Bi Mejumaa, bado?"

"Bado, mwanangu. Nywele zake ni nyingi."

Alisema uongo. Nywele za Bi Ummulkheir zilikuwa chache tangu maradhi yamwandame, na Mejumaa alikwisha kuziosha na kuzisuka mafungu matatu. Sasa alizifumua ili azisuke upya. Mgongo ulimuuma. Tangu alfajiri, marehemu alipokata roho, hakutia kitu tumboni ila kahawa, na nyumbani alimwacha mume asiyejua hata kuinjika chai. Lakini ndiyo kazi ya mwosha, ukiitwa, unakwenda.

Zein, mtoto wa marehemu, alibaki nje ya mlango.

"Ndege ya Aya imetua," alisema kwa sauti ya chini. "Dadangu alilia mno nilipompa habari asubuhi, akibadilisha ndege Istanbul. Ataka amuone mama uso."

"Huko Toronto ni mbali sana?"

"Kilomita elfu kumi na mbili na ushei. Yu njiani tangu jana."

Mejumaa hakuwahi kupanda ndege. Alisuka taratibu, akaomba Mungu barabara iwe nyeupe.

Haikuwa. Zein alirudi akisema malori yamefunga njia Changamwe, teksi haisogei. Elfu kumi na mbili zimekwisha, zimebaki chache tu za kuingia kisiwani, na hizo ndizo zinazomshinda! Mejumaa aliona hasira, na hakujua amkasirikie nani.

Kisha ikaja sauti ya ami yake Zein. "Tuliiacha adhuhuri ikapita. Alasiri haitupiti. Si haki kumweka maiti hivi. Bi Mejumaa, fungua."

Ami alikuwa na haki. Maneno hayo hayo Mejumaa amewaambia wafiwa wengi, tena kwa ukali. Alimvika Bi Ummulkheir sanda, akafunga miguuni na kiunoni, akauacha uso wazi, akawaita wanawake wa nyumba waje kuaga. Alipobaki peke yake alichungulia dirishani. Barabara ya Ndia Kuu ilijaa kofia za wanaume waliongoja; teksi haikuonekana. Akaufunika uso, akakaza fundo la kichwani.

Jeneza lilitoka. Wanaume wakalifuata, sauti zao zikapotea kwenye kona.

Mejumaa alikuwa akikamua nguo yake iliyolowa wakati Aya alipoingia mbio, viatu mkononi, shavu moja bado lina alama ya kiti cha ndege.

"Wamekwenda naye?"

"Wamekwenda naye, mwanangu. Nilijaribu."

Aya alikitazama kitanda kitupu. Hakulia. "Nani alimgusa mwisho?"

"Mimi."

Akaishika mikono ya Mejumaa, iliyokunjana kwa maji na kunuka kafuri, akaiweka usoni pake, huku na huku, akafumba macho. Mejumaa alitamani kukaa. Alisimama vivyo hivyo, akaiacha mikono pale pale.