Ncha ya Futi

Mdogo wangu hulala mchana chumbani mwangu mwa kushonea, juu ya marobota ya vitambaa, na vidole vya miguu yake hukimbia. Cherehani ikinguruma polepole, mimi huhesabu: hatua kumi na mbili, kisha kisigino kinakita. Miaka kumi na minne alikuwa mrushaji mpira wa timu ya taifa ya kriketi. Usingizini bado hajastaafu.

Mpira wake wa mwisho hakuna aliyeusahau. Ilikuwa fainali. Mpira uliangusha vijiti vya wiketi, uwanja ukalipuka, halafu mwamuzi akanyoosha mkono: alikuwa amekanyaga kupita mstari wa kurushia. Mpira ukafutwa, tukashindwa. Tangu hapo mguu wake wa kushoto anauita Msaliti, na huukemea hata akiuvisha soksi.

Kesho shule ya wasichana inataka jibu, kama atawafundisha au la.

"Dada, mguu ulioniuza mimi utamfundisha nani?" aliniambia leo, akafumba macho.

Muuzaji ni mimi. Pa kuanzia mbio zake alipapima kwa futi yangu ya kushonea, akiilaza chini mara kumi. Siku moja kabla ya fainali niliona ncha ya mwisho imechakaa, nikaikata upana wa vidole viwili, kwa usafi tu. Sisi mafundi tunasoma namba; yeye aliilaza nzima nzima bila kuitazama. Vidole viwili mara kumi ni zaidi ya kiatu: alianzia karibu mno na mstari. Siku ile alijirekebisha kwa macho tangu asubuhi, ila mpira wa mwisho akauachia mwili. Nami miaka sita nimefyata ulimi, mkubwa mzima.

Alipoamka nikamwambia yote, mkono ungali kwenye gurudumu la cherehani. Niliogopa sana. Ndugu niliyebaki naye ni huyu tu.

Aliinama, akaushika mguu wa kushoto kwa mikono miwili, akaukanda taratibu, kidole kwa kidole.

"Pole," akauambia mguu.

Kisha akaichukua futi mezani, akanivisha shingoni.

"Hii kapimie suruali. Wasichana nitawapimia kwa nyayo."

Machozi yakanitoka. "Na mimi, mdogo wangu?"

Akajilaza tena juu ya vitambaa.

"Wewe subiri, dada. Mguu nimeutukana miaka sita. Wewe hata sijakuanza."