Bonde Dogo Ndani ya Menengai

Cheptanui alikuwa ametembeza wageni Nakuru kwa miaka kumi na mmoja, na hakuwahi kupata mgeni aliyeomba kuonyeshwa mji mzima kisha akakataa kushuka garini.

Mgeni mwenyewe aliitwa Mzee Harun. Alizaliwa mtaa wa Bondeni, akaondoka akiwa kijana, akaishi Kanada mpaka nywele zikawa nyeupe. Sasa, akiwa na miaka sitini na minne, alikuwa amerudi kwa mara ya kwanza na binti yake wa mwisho, Malak, ambaye alijifunza Kiswahili jikoni kwa mamake na alitaka kuona kila kitu.

Walianza stesheni ya reli asubuhi na mapema. Malak alipiga picha hata ya kutu.

"Enzi zetu huu ulikuwa mji mkuu wa mkoa mzima," Mzee Harun alisema kutoka kiti cha nyuma. "Mtu akitoka Turkana ama Narok, akiwa na shida na serikali, ni hapa alikuwa anakuja." Hakuteremsha kioo.

Kwenye kilima cha kale cha Hyrax Hill, Malak alizunguka peke yake na Cheptanui kwenye mawe waliyoyapanga watu wa kale, walipoishi na walipozika wafu wao. Babake alibaki garini, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Baba ni mgonjwa?" Cheptanui aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana. Tangu tufike yuko hivyo. Halali. Jana shangazi Safiyo alimuuliza kitu, akatoka nje akakaa kwa barabara."

Safiyo alikuwa dada mkubwa wa Harun. Yeye hakuwahi kuhama Bondeni.

Ziwa Nakuru ndipo mzee aliposhuka kwa mara ya kwanza. Walisimama mahali ambapo maji yalikuwa yamepanda mpaka yakameza lango la zamani la hifadhi. Miti iliyokufa ilisimama majini, myeupe, na ndege weusi wamekaa juu yake bila kulia. Mzee Harun aliitazama kwa muda mrefu.

"Binti, maji yakipanda hivi, yanafukua vitu?"

"Vitu gani, mzee?"

"Vya chini. Vilivyokaa chini miaka mingi."

Cheptanui alisema hajawahi kusikia jambo hilo. Mzee akatikisa kichwa, akarudi garini, akasema sasa apelekwe Menengai.

Wageni wengi huishia juu, kwenye ukingo, wanatazama lile shimo kubwa la volkano, wanapiga picha, wananunua soda, wanaondoka. Mzee Harun hakutazama chochote. Alitembea moja kwa moja mpaka penye njia ya kushuka.

"Kuna mawe matatu meusi, marefu," alisema. "Ukishuka hii njia, yako mkono wa kushoto. Nipeleke hapo."

"Mzee, huko hatupeleki watu. Njia ni mbaya."

"Naijua hiyo njia."

Cheptanui alimpigia bosi wake, Maxwel. Maxwel alisema mteja akitaka kushuka ashushwe, mradi wawe wamerudi kabla ya saa sita. Cheptanui alikata simu bila kuaga. Sababu iliyomfanya asipende upande ule hakumwambia Maxwel, kwa sababu alishamwambia mara mbili na akachekwa. Mjomba wake marehemu alikuwa amefanya kazi na wachimbaji wa visima vya mvuke humo ndani. Alimfundisha kwamba kuna mahali ardhi inapumua hewa mbaya. Haina harufu, haina rangi, ni nzito, na asubuhi yenye baridi na utulivu hutuama kwenye mabonde madogo kama maji kwenye karai. Mjomba alikuwa akisema, "Ukiona mdudu amekufa na hakuna aliyemuua, usiiname."

Walishuka karibu saa nzima. Ukungu ulikuwa bado umelala chini. Hakukuwa na upepo kabisa. Kila mara Cheptanui alisimama kumngojea mzee, lakini mzee hakuwa ameachwa nyuma. Alikuwa anawafuata kwa karibu, akihema, macho yake chini, akikanyaga mahali pa kukanyaga bila kuonyeshwa.

Mawe matatu yalitokea ukunguni. Mbele yake palikuwa na bonde dogo lililozungukwa na majani mabichi, kina chake hakizidi kimo cha mtu. Mzee Harun alisimama hatua kumi kabla ya kulifikia.

"Ni hapa?" Cheptanui aliuliza.

Mzee alikuwa amekaza macho kwenye bonde.

"Kuna ndege mzuri amelala huku!" Malak aliita. Alikuwa tayari ameshaanza kuteremka, simu mkononi.

Cheptanui aligeuka na kuona ndege watatu, si mmoja. Aliona pia pimbi, amejikunja kama paka, na nyuki wametapakaa chini kama mbegu. Akamtazama mzee. Mzee alikuwa amefungua mdomo. Sauti haikutoka.

"Malak! Usiiname! Rudi!"

Malak alikuwa ameshapiga goti kupiga picha. Aligeuza uso kuwatazama, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kisha akalala ubavu, taratibu.

Mzee Harun alikimbia. Cheptanui alimdaka kiunoni na kumwangusha. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu, na hata hivyo nusura mzee amshinde.

"Niachilie! Mtoto wangu!"

"Ukiingia unabaki huko! Nisikilize, mzee. Lala hapa pembeni, kichwa kikae juu. Nikimleta mshike mikono, uvute. Usishuke. Umesikia? Usishuke!"

Alivuta pumzi mara tatu, ya nne akaifungia kifuani, akaingia. Baadaye alisema alichokumbuka ni ukimya. Masikio yake yalisikia damu yake mwenyewe na basi. Alimshika Malak chini ya makwapa, akamburuta kinyumenyume. Buti lake liliteleza mara moja. Kifua kilianza kuwaka. Alimsukuma Malak juu ya majani, akaona mikono ya mzee ikimpokea, naye akapanda kwa magoti na kuanguka upande wa pili, akivuta hewa kwa kelele kama ng'ombe anayekata roho.

Malak alikuwa na rangi ya majivu. Cheptanui alimgeuza chali, akainua kidevu chake, akampulizia hewa kinywani. Akahesabu, akapuliza tena. Mzee Harun alikuwa amepiga magoti, akirudia jina moja, na ilimchukua Cheptanui muda kutambua kwamba jina hilo halikuwa Malak.

"Miraji," alikuwa akisema. "Miraji, Miraji, amka."

Malak alikohoa. Akatapika. Akaanza kulia kama mtoto mdogo, na Cheptanui akakaa chini kando yake.

Ilipita kama nusu saa kabla Malak hajaweza kuketi. Kichwa kilimuuma sana, lakini alijua jina lake na siku ya leo. Aliuliza Miraji ni nani.

"Ndugu yangu," babake alisema. "Mdogo wangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye tisa. Tulikuwa tunakuja huku bila mama kujua. Siku hiyo nilimtuma aingie hapo aniletee manyoya ya ndege. Akalala. Nilidhani anacheza. Nilimcheka. Nikamrushia kijiwe, Malak, nikamrushia kijiwe." Alijifuta uso kwa mkono mzima. "Nilipoona haamki nikaogopa kuingia. Watu walikuwa wanasema huku kuna mashetani wanaokula watu. Nikakimbia mpaka nyumbani. Nikasema sijui alikokwenda."

"Hamkumtafuta?" Malak aliuliza.

"Walitafuta mjini. Walitafuta Gilgil, Naivasha, wakidhani amepanda treni. Sikusema. Mama amekufa akiamini yuko hai mahali fulani. Safiyo anaamini mpaka leo. Jana aliniuliza kama Kanada sikuwahi kusikia mtu wa jina lake."

Malak hakumgusa babake. Alisimama, akamshika Cheptanui bega, wakaanza kupanda. Mzee alifuata nyuma, mbali kidogo.

Juu, Cheptanui alisema wanakwenda hospitali, na hakuna aliyepinga. Daktari alimwekea Malak oksijeni, akasema amepona kwa bahati, apumzike. Ilikuwa alasiri walipotoka.

"Bondeni," Mzee Harun alisema.

Safiyo alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mzee mwembamba, mtandio wa kijivu, macho makali. Cheptanui alibaki kando ya gari, lakini barabara ile ni nyembamba na alisikia yote. Harun alisema kwa maneno machache, amesimama, bila kujitetea.

Safiyo hakulia.

"Kwa hiyo alikuwa karibu hivyo," alisema. "Ule ukingo nauona kila siku nikianika nguo."

"Da Safiyo, nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa mtoto. Halafu ukawa mtu mzima." Alinyoosha mkono kwa Malak. "Wewe ingia, mwanangu, ulale. Yeye akae hapo kwanza."

Mlango ukafungwa. Mzee Harun alikaa kwenye ngazi ya simenti. Cheptanui alimuuliza kama ampeleke hotelini, mzee akatikisa kichwa. Cheptanui alimwachia chupa ya maji. Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza, watu wakipita kwenda msikitini wakimsalimu mzee wasiyemfahamu, naye akiitikia kila mmoja, mgongo wake ukiwa umeelekea kaskazini ambako mawingu yalikuwa yanashuka polepole juu ya Menengai.