Mtu wa Kubeba

Nabintu alianza kutafuta watu wa kujitolea msimu ambao maharage yalikuwa yakitoa maua, wakati ambao hakuna mtu wa Juru, sehemu ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwenye nafasi ya kusikiliza maneno. Asiyekuwa shambani na jembe alikuwa sokoni akiuza kile kidogo alichokuwa nacho. Yeye mwenyewe aliuza ndagala, vile visamaki vikavu. Alizipima kwa kikombe cha bati, na kila mteja aliyeinama kwenye meza yake alimwambia yale yale, kwa Kiswahili cha kwao Kongo.

"Tunataka kukutanisha batu bote benye vipindi. Benye kurekodi kwa simu, benye kutia video kwa Fesibuku. Ba Nakivale yote, na ba Mbarara pia. Siku moja tu. Tunatafuta benye kutusaidia."

"Ni shirika gani?" waliuliza.

"Hakuna shirika. Ni siye benyewe."

Hapo walicheka, wakafunga ndagala zao, wakaenda.

Yeye na rafiki yake Eliane walikuwa na podikasti iitwayo Tusikilizane. Waliirekodi ndani ya saluni ya Eliane baada ya kuwatoa wateja, blanketi likiwa limetundikwa dirishani kuzuia upepo. Waliongea bei ya mahindi, waliongea nani amefika na nani anatafutwa na ndugu zake, kisha Eliane akasimulia kichekesho. Sauti ile ilipita kwenye Wasap kutoka kijiji hadi kijiji, ikafika Mbarara, ikavuka hata mpaka, kwa Warundi waliokuwa wamerudi kwao.

Hawakuwa peke yao. Kulikuwa na vijana wa Kisomali waliotangaza mpira, mzee aliyesoma Biblia kwa Kinyamulenge, wanafunzi wa Kikongo mjini Mbarara wenye video za kuchekesha. Lakini hawakufahamiana. Kisha mmoja wao, hakujulikana nani, alisambaza habari kwamba watu wa upande mmoja wa Juru watarudishwa kwao kwa nguvu. Habari haikuwa ya kweli. Mpaka ilipokanushwa, jirani yake Nabintu alikwisha uza mbuzi wake wote, akaondoka na watoto, na hakuna aliyejua aliishia wapi. Tangu siku ile Nabintu akawa na neno moja: tukae pamoja, tuonane uso, tukubaliane namna ya kuhakikisha jambo kabla ya kulisema.

Padri alimpa nafasi baada ya misa. Alisimama mbele ya watu, akaeleza, akaomba wenye moyo wabaki nyuma. Watu walitoka. Kanisa likabaki na mabenchi.

Nje, kando ya pikipiki yake, mwanamume mmoja alikuwa akimngojea, kofia mkononi. Alikuwa Ladislas, Mrundi aliyebeba abiria kati ya Juru na makao makuu ya kambi. Watu walimwita Baba Umuhire, kwa jina la binti yake mkubwa. Walimpenda kwa sababu akikuta bibi kizee njiani na mzigo wa kuni, alisimama.

"Mama Nabintu," alisema, "mimi sijui kusema mbele ya watu. Lakini kubeba, nabeba."

"Kubeba nini?"

"Chochote. Viti, maji, hata hao wageni wenyewe." Alicheka, kisha akatazama chini. "Ninyi munasema, sisi tunasikiliza, tunacheka, siku inapita. Sasa mwenye kusema akibeba na viti, atachoka. Ataacha. Tutabaki na nini?"

Nabintu alirudi nyumbani siku ile akiwa mwepesi. Na kweli, kuja kwa Ladislas kulibadili mambo. Hakuwa mtu wa kushawishi. Aliwaambia tu abiria wake, "Jumamosi tunafyeka uwanja, twende," na kwa kuwa ni yeye aliyesema, walikwenda. Marie, aliyeuza chapati, alijitolea kupika. Vijana waliojua lugha nyingi walikubali kutafsiri. Hata vijana wa Kisomali walituma neno kwamba watakuja na turubai la kuwakinga watu na jua.

Kilichokosekana ni vyombo vya sauti. Nabintu na Ladislas walikwenda Mbarara pamoja, wakavuka mto Rwizi hadi Nyamitanga, wakamkuta Ezira. Ezira alikuwa Munyankore, mwenyeji wa huko, mwenye kipindi chake mwenyewe, kijana mrefu aliyetengeneza redio katika chumba alichopanga nyuma ya shule. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Nyabo, mama yangu, spika niko nayo, na mike pia. Iko nyumbani, Biharwe, nje kidogo ya mji," alisema. "Mukuje muchukue. Mimi siwezi sema hapana kwa kazi kama hii."

Zilipobaki siku chache, Nabintu ndiye aliyekuwa aende kuvichukua vyombo kwa gari la abiria. Asubuhi ya safari akaitwa kwenye ofisi ya kambi kwa habari ya kibali cha mkutano. Alisimama njiani, hajui aende wapi kwanza, Ladislas akamkuta.

"Nitaenda mimi," alisema.

"Na pikipiki? Spika ni kubwa, Baba Umuhire."

"Nimebeba magodoro. Nimebeba mbuzi. Nimebeba bibi harusi na mama yake pamoja, tena wakiwa wamenuniana."

Walicheka wote wawili.

"Basi enda," Nabintu alisema. "Utuokoe."

Nabintu alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi, akingojea zamu yake, simu ilipolia. Ilikuwa sauti ya Ezira, na nyuma yake kelele za magari.

"Nyabo, uko wapi? Kaa chini kwanza."

"Nimekaa."

"Ule muzee ya piki. Lori imemugonga hapa Biharwe, kwa barabara kubwa. Dereva amekimbia. Mimi nilikuwa bado nasimama kwa mulango, niliona."

"Mupeleke hospitali! Ezira, mupeleke mbio!"

Ezira alishusha sauti.

"Nyabo," alisema, "niko naye tu."

Nabintu alitoka pale bila kuaga. Alitaka awe wa kwanza kumfikia Ancilla, mke wa Ladislas, maana aliona hilo ni deni lake na si la mtu mwingine. Lakini habari mbaya ina miguu kuliko mtu. Alipofika, kilio kilikuwa kimeshajaa uani. Ancilla peke yake ndiye hakuwa analia. Alikuwa amesimama katikati ya wanawake, mikono yake ina udongo wa shambani, na alipomwona Nabintu watu walimpisha.

"Ni wewe ulimtuma?"

"Ni miye."

"Haraka ya nini? Hiyo spika ingeoza?"

Mwanamke mmoja akamshika Nabintu mkono, akamtoa nje ya ua taratibu, kama anavyotolewa mgonjwa.

Walimzika Ladislas Juru, upande wa juu, ambako udongo ni mgumu na vijana walichimba kwa kupokezana. Ezira alikuja kutoka Mbarara juu ya gari la ndizi. Hakuelewa sala za Kirundi, ila alisimama mpaka mwisho, na watu walipoondoka alibaki akisawazisha udongo kwa viganja. Kuhusu spika na mike zilizovunjikia barabarani hakuuliza neno, siku ile wala baadaye.

Maneno yalianza kisimani. Wengine walisema Nabintu amekula pesa za wazungu na kumtuma baba wa watoto afe. Wengine walibadili njia tu walipomwona. Marie alikuja kusema kwamba mumewe hataki tena apike. Vijana wa kutafsiri waliacha kupokea simu. Uwanja waliokuwa wameufyeka ukaota majani. Eliane alitundua blanketi dirishani.

"Yaya, dada yangu, tuache kwanza," alimwambia. "Miye sina kichekesho. Kila nikifungua kinywa namuona."

Waliacha. Kwenye simu, watu wa mbali waliuliza, mbona kimya? Nabintu hakuwajibu.

Alfajiri moja alichukua jembe akaenda kwenye shamba la Ancilla, ambako magugu yalikuwa yameshaanza kuyashinda maharage. Alianza mstari wa mwisho. Ancilla alipofika na kumkuta ameinama pale, alisimama.

"Hayo ni maharage yangu."

"Najua."

"Sikukuita."

"Najua, Mama Umuhire."

Ancilla alianza mstari wa upande wa pili. Walilima hivyo mpaka jua likawa kali, mmoja huku, mwingine kule, na kila mtu akaenda kwake. Kesho yake Nabintu alirudi. Ikawa hivyo muda wote wa palizi. Hawakuongea ila yale ya kazi: nipishe, kuna nyoka, hapa pameshaota. Nabintu hakuomba msamaha, kwa sababu aliogopa kumtwisha Ancilla kazi nyingine, ya kusamehe.

Ni Ancilla aliyeanza, siku ya kung'oa, wakiwa wamekaa juu ya magunia.

"Mama yake yuko Burundi," alisema. "Alirudi na wale waliorudi, yuko Cankuzo. Simu yake ilikufa zamani. Hajui."

"Hajui kitu?"

"Anadhani mtoto wake yuko hapa anaendesha pikipiki." Ancilla alibandua udongo kwenye goti lake. "Mume wangu alikuwa akisema waliorudi wanasikiliza hicho kitu chenu. Ni kweli?"

"Ni kweli. Bengine wanasikiliza."

"Basi nataka kusema."

Walirekodi nyumbani kwa Ancilla. Eliane aliuliza swali la kwanza, sauti ikamkatika, Nabintu akaendelea. Hapakuwa na haja ya kuuliza sana. Ancilla alimsemesha mama mkwe wake kwa Kirundi, kama mtu anayezungumza na aliyeketi mbele yake. Alimweleza mahali pa kaburi, nani walibeba jeneza, sala zilizosomwa, shuka aliyovikwa. Kisha akageuka, akasema kwa Kiswahili, kwa wote:

"Mume wangu alikufa kwa kazi ya bure. Watu wananiambia ilikuwa kazi nzuri. Mimi sijui. Mimi najua kwamba hakurudi."

Waliposikiliza tena, Eliane alitaka kuyakata yale ya mwisho.

"Batu batasema nini juu yetu, yaya?"

"Waseme. Ni maneno yake. Usiguse."

Kipindi kile kilikwenda mbali kuliko vyote. Watu walikisikiliza sokoni, vichwa vimekutana juu ya simu moja. Na bila kuitwa, wakaanza kuja. Marie alikuja kwanza, akaketi kando ya meza ya ndagala bila kununua.

"Ile siku," alisema, "tunaiweka lini?"

Baada yake wakaja vijana wawili wa kutafsiri, kisha mzee wa Biblia. Hakuna aliyetaja jina la Ladislas. Waliuliza tu: nani anabeba viti, nani anachota maji.

Katika kupanga, mmoja akatoa wazo kwamba mkutano uitwe kwa jina la marehemu, na wote wakaona vema. Nabintu alikwenda kumwomba Ancilla.

"Hapana," Ancilla alisema. Hakukasirika. "Jina lake ni la watoto wangu. Mulishachukua yeye."

Basi mkutano haukuwa na jina. Ulifanyika kiangazi, Ezira akaja na vyombo vingine kwa gari la kukodi. Nusu ya viti vilikaa vitupu. Upepo ulilivuta turubai la Wasomali mara kwa mara, na vumbi likaingia kwenye chakula cha Marie. Hata hivyo, watu ambao walikuwa wametukanana mwaka mzima kwenye simu waliketi bega kwa bega, wakabishana uso kwa uso, na kabla ya kuagana wakakubaliana: habari ya kuhamisha watu haitasemwa na mtu yeyote mpaka watatu kati yao wawe wameiuliza mahali tofauti. Kilikuwa kitu kidogo. Nabintu aliwashukuru wote, akakunja mikeka, na furaha aliyokuwa ameingojea kwa muda mrefu haikuja. Ancilla hakuhudhuria.

Jibu kutoka Burundi lilifika baadaye, siku ya mvua za kwanza. Lilikuwa ujumbe wa sauti, kwa Kirundi, umetumwa kwa simu ya jirani. Nabintu alitambua kwamba ni mwanamke mzee, na kwamba analia. Zaidi ya hapo hakuelewa. Aliipeleka simu kwa Ancilla bila kumwonyesha mtu mwingine.

Ancilla alisikiliza ameketi kizingitini. Ilipokwisha, aliirudisha mwanzo, akasikiliza tena.

"Anasema nini?" Nabintu aliuliza.

"Anamshukuru Mungu kwamba alizikwa na watu. Halafu anauliza swali moja." Ancilla alishusha simu pajani. "Anauliza, asubuhi ile, mwanangu alikula?"

Mvua ilikuwa ikigonga mabati. Nabintu hakuthubutu kumtazama.

"Hakula," Ancilla alisema. "Uji ulikuwa kidogo. Alisema watoto wanywe, yeye atakula Mbarara. Nilisikia tumbo lake likilia akiwa ananiaga."

Machozi yalimtoka hapo, kwa mara ya kwanza mbele ya Nabintu, nayo yalikuja kwa wingi, bila sauti. Nabintu alisogea, akaketi karibu naye kizingitini, na Ancilla hakumsukuma. Kisha Ancilla akajifuta uso kwa kitenge, akaketi sawa.

"Washa hiyo simu."

Nabintu aliwasha kinasa sauti. Ancilla aliileta karibu na mdomo, akasema kwa Kirundi, polepole, kwa sauti tulivu, maneno machache ambayo hata Nabintu aliyafahamu, kwa sababu ni yale ya kila siku ya nyumbani: Mama, alikula. Alikula akashiba.

Alimrudishia simu. Nabintu aliutuma ujumbe. Walikaa pale wakitazama kioo mpaka zile alama za ujumbe kusikilizwa zikageuka buluu, na hata baada ya hapo hakuna aliyeinuka.