Tundu la Robo ya 1796

Delmar Hostetter alinawa mikono kwa sabuni kama kila asubuhi, akaikausha kidole kimoja kimoja, akaketi mezani na kuivuta albamu ya sarafu karibu naye. Kahawa aliiacha kulekule jikoni, maana hakuruhusu kahawa na fedha ya zamani vikae meza moja. Akafunua hadi ukurasa wa robo dola, tayari kulitazama tundu pekee lililobaki bila sarafu, kusema "bado," kisha kufunga na kwenda kula mayai yake.

Hakusema. Tundu lilikuwa na sarafu.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Sarafu ilikuwa palepale, ya kijivu kama paa la bati lililokaa chini ya theluji miaka mingi, na kichwa cha mwanamke anayewakilisha Uhuru kikiangalia kulia bila habari na mtu. Chini yake tarehe: 1796.

Kwa miaka ishirini albamu ile ilikuwa imejaa polepole, moja ya kila sura iliyowahi kuchongwa kwenye sarafu za zamani za Marekani. Nusu senti za shaba alizipata Dayton, dola za fedha Toledo, nyingine kwenye minada ya mali za marehemu wasiokuwa na wa kuwarithi. Matundu sabini na moja yalikuwa na wenyewe. Hilo moja lilimshinda, kwa sababu sura ile ya robo ilipigwa mwaka mmoja tu, ikaachwa. Watu wa chama cha sarafu pale Chillicothe walishazoea kumtania kwamba atazikwa na tundu lake.

Akavuta kipande cha plastiki angavu kinachofunika tundu, akaidondosha sarafu taratibu juu ya kitambaa cheusi, akaishika ukingoni kwa vidole viwili. Akaweka kioo cha kukuzia jichoni. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa pili alikuwepo tai mdogo, na karibu na bawa lake, kwenye ukingo, kulikuwa na kibonyeo kidogo kama alama ya ukucha.

Sarafu hii alikuwa anaifahamu. Alikwishaishika mara tatu.

Simu ilikuwa ukutani. Alimpigia Wendell Krupa, muuza sarafu wa Columbus, bila kuangalia saa.

"Wendell, ile robo yako ya tisini na sita iko wapi?"

"Salama, mzee, na wewe umeamkaje? Mke wangu hajambo, asante kwa kumuulizia."

"Nimekuuliza iko wapi."

"Kama unaniuliza mimi, basi umeshaiona." Wendell alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Hongera bwana! Umemaliza! Watu wanakufa bila kumaliza. Wiki ijayo unakuja nayo chamani, na keki unanunua wewe."

"Nani aliichukua?"

"Delmar. Nyumba nzima mko wawili, na mmoja ndiye wewe."

Delmar akaegemea ukuta.

"Binti yako alinipa dola zake za fedha," Wendell aliendelea, sauti imeshuka. "Zote, hata ile ya kwanza uliyompa akiwa mtoto. Nikamwambia, binti, bakiza hata moja ya kumbukumbu. Akasema hataki kubeba uzito safarini."

"Safari gani?"

"Aa. Ngoja kidogo, kuna mteja mlangoni."

"Saa kumi na mbili asubuhi?"

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Nola, binti yake, alishuka ngazi bila viatu, soksi tu miguuni, nywele bado mbichi. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, anapiga picha za eksirei hospitalini, na bado alishuka ngazi zile akiruka ile ya tatu inayolia. Akamtazama baba yake, kisha kitambaa cheusi.

"Umeiona."

"Hii robo..." Delmar alianza, akiinama juu ya meza, "hii robo umeitoa wapi, umefanya nini, na huyu Wendell ananiambia habari za safari—"

"Baba! Unairushia mate!"

Delmar akaifunika kwa kiganja.

Kila anayekusanya sarafu anajua hilo. Tone dogo la mate, hata lile usiloliona likitoka mdomoni, linaacha doa jeusi ambalo halitoki tena. Sarafu ikiwa wazi, midomo imefungwa. Delmar alimfundisha Nola akiwa na miaka kumi na mmoja, majira ya baridi yale ambayo mama yake alihamia Arizona na fundi wa viyoyozi, na baba na mtoto wakabaki wanaangaliana bila kujua la kuambiana. Wakati ule amri ile iliwafaa. Walikaa hapa jioni nzima bila neno, na ikaonekana ni kazi.

Baadaye akaendelea kuitumia. Nola alipotaka kumuuliza habari za mama yake, Delmar alivuta albamu. Alipolia kwa ajili ya kijana aliyempenda, yule wa mji jirani wa Athens, albamu. Na wiki hii mara tatu alikuja mezani akasema, "Baba, kuna jambo," na mara zote tatu Delmar akatoa sarafu juu ya kitambaa.

Sasa alimwona binti yake akiirudisha robo tunduni kwa ustadi, akisukuma plastiki mahali pake na kufunga jalada. Kisha akaweka kiwiko juu yake.

"Haya. Sasa tunaweza kuongea."

Delmar akatafuta kahawa, akakumbuka iko jikoni.

"Nimepata kazi Spokane," Nola alisema. "Naondoka Jumapili."

"Spokane ndiyo wapi?"

"Baba, umechambua barua posta miaka thelathini. Unajua ni upande wa pili wa nchi."

"Jumapili hii?"

"Hii."

Ilikuwa Alhamisi. Delmar alisikia masikio yanavuma, kama mtu aliyepigwa kofi na bado hajajua ni nani.

"Nilikuahidi nitakaa hapa nyumbani mpaka tulijaze tundu lile," Nola alisema. "Nilikuwa mtoto, lakini niliahidi. Kazi ya Denver ilipokuja, nilikuuliza kama ahadi bado ipo, ukacheka, ukasema bado hatujapata robo nzuri. Nikaikataa ile kazi." Alikuwa anaongea na jalada la albamu. "Mwezi mmoja baadaye Wendell alikuonyesha hii, ameniambia mwenyewe. Miaka sita iliyopita. Alikuwekea kwenye sanduku lake, kila mwaka anakungoja. Mara tatu umemrudishia."

Hili halikumjia Delmar akilini hata kidogo, kwamba Nola anaweza kulijua.

"Ilikuwa imeoshwa, na sarafu iliyooshwa haina thamani," alisema.

"Haijaoshwa. Ulinifundisha mwenyewe kuangalia mikwaruzo. Hakuna."

"Ina kibonyeo."

"Kila robo ya mwaka ule ina kasoro. Hayo pia ni maneno yako."

"Bei ya Wendell—"

"Baba."

Hakuwa amekasirika, na hapo ndipo Delmar alipoogopa kweli. Angepayuka, wangegombana, mmoja angetoka nje kukwangua barafu kwenye gari, yangeisha. Lakini alikuwa ametulia, uso wa mtu aliyekwisha kufunga mabegi.

Alijiona pale Columbus, mara ya kwanza, robo ikiwa kiganjani. Alijua ni nzuri kabla hajaweka kioo jichoni. Moyo ulimruka kwa furaha, kisha, palepale, ukashuka. Alipomrudishia Wendell alihisi nafuu iliyomshangaza, kama mtu aliyeitwa jina lake kimakosa na kuambiwa arudi akakae. Hakujiuliza ile nafuu ni ya nini. Akanunua soseji kwenye mkate, akala, akaendesha gari hadi nyumbani.

"Nitaondoka hata usiponijibu," Nola alisema, na sauti ikapasuka kidogo. "Nyumba nimeshalipia kule. Ila nataka kujua hii miaka sita nimeikaa kwa sababu gani. Ungeniambia tu. Kwa nini ulikuwa unaikataa?"

Mkono wa Delmar ukaenda kwenye albamu wenyewe. Kiwiko cha Nola hakikusogea. Akaurudisha mkono mapajani, akauangalia ulivyozeeka, ulivyo safi.

"Ilikuwa nzuri," alisema. "Tangu mara ya kwanza ilikuwa nzuri, Nola, na mimi nilijua. Nilikuwa sitaki uondoke. Na hata sasa hivi sitaki."