Vioo Alivyoviosha Tabea

Hofu ikikushika, kaa chini kwanza, unywe hata maji. Tabea wa Nkoaranga hakukaa chini.

Mwanawe Sumari alikuwa mtu mzima, mwenye mke na migomba yake. Mgiriki aliyekuwa tajiri wake kwenye kazi ya kahawa alipouza shamba alimwachia sanduku la kupigia picha pamoja na vioo vyake, na tangu hapo Sumari akapagawa. Enzi hizo za Mjerumani reli iliishia Moshi. Kila alipopata nafasi alitembea siku mbili, akaketi kando ya reli kungoja gari la mizigo lipite na mabehewa yake ya ngozi, katani na mbao. Akishalinasa kwenye kioo, hurudi akicheka peke yake njiani.

"Wazungu wanapiga picha tembo," mkewe Penina alimtania. "Mume wangu anapiga magunia."

"Tembo hana magurudumu," Sumari akajibu.

Vita vilipoanza akaacha, maana hakuwa mjinga. Lakini vioo arobaini vilibaki kikapuni darini, na majirani walijua vipo. Mwaka wa pili wa vita reli ikalipuliwa huko chini, askari wakaanza kusaka wapelelezi. Jumatatu moja Sumari akakamatwa sokoni, akapelekwa boma la Arusha.

Habari zilimfikia Tabea kabla ya adhuhuri. Hakumwuliza Penina, hakwenda misheni. Alichemsha maji, akachota majivu, akasugua kioo kimoja kimoja. Ile ngozi nyeusi ya picha ikalainika, ikabanduka kama ukoko wa uji, mabehewa yakaenda na maji hadi kwenye migomba. Alipomaliza mikono ilikuwa imebabuka, ila moyo umetulia. Sasa hawana cha kumshikia, aliwaza.

Kesho yake akaja shaushi, mkubwa wa askari, na watu wake wawili, na Sumari katikati yao na mnyororo shingoni. Uso ulikuwa umevimba, lakini macho yalikuwa na matumaini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, lete vile vioo. Kila kimoja nimekikwaruza tarehe pembeni, vyote ni vya kabla ya vita. Na mkuu wa stesheni yumo, amesimama mbele ya mabehewa na kofia yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniruhusu. Shaushi amekubali kuvitazama."

Tabea akapanda darini. Alileta kikapu kwa sababu hakuwa na kingine cha kuleta. Shaushi akainua kioo kimoja juani, akainua cha pili, akafika cha kumi. Vyote vilikuwa vitupu, vikimwonyesha migomba iliyokuwa mbele yake.

"Nani ameviosha?"

"Mimi. Jana."

"Bibi, kitu kisafi hakioshwi. Kulikuwa na nini?"

"Magunia, baba. Magunia tu."

"Magunia hayafichwi." Akawageukia askari. "Mfungeni na huyu. Ni wamoja."

Askari akamshika Tabea mkono. Hapo Sumari akasema, bila kupaza sauti, "Mwacheni. Mimi ndiye niliyemwagiza avioshe. Nilimtuma mtu. Yeye hajui kitu."

Tabea alijua ni uongo. Neno lilikuwa tayari mdomoni: hakuna aliyeniagiza, ni hofu yangu mwenyewe. Kulitamka ilikuwa ni kuvaa mnyororo. Sumari akamtazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Askari akauachia ule mkono, naye Tabea akauficha ndani ya kaniki yake.

Alhamisi wakamnyonga Sumari karibu na boma, watu wa sokoni wakaamriwa wasimame watazame. Mwili hawakupewa.

Jioni Penina, aliyekwisha kusimuliwa na majirani yaliyosemwa mbele ya shaushi, alikuja akakaa kizingitini.

"Mama, alipowaambia kwamba alikuagiza, ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza, mwanangu."

Penina akainuka, akaanza kufunga vitu vyake.