Mama Anaondoka Nikikamua

...naye kachagua wakati huu huu, maziwa ndiyo yameshuka, ng'ombe akishashusha humwachi katikati, anabana na hakupi tena mpaka jioni, na mdogo wangu anajua, kazaliwa humu humu, lakini kasimama nje ya zizi na viatu vyake vinavyong'aa, anaongea, na kila nikiinua uso ananitazama meno, daktari wa meno huyu, hata msibani kwa baba alikuwa anawatazama watu meno... anasema chumba kiko tayari, chumba gani tena, anasema kina dirisha kubwa, mimi navuta, naachia, navuta, povu linapanda kwenye ndoo, nilidhani kaja kutusalimia tu, nikafagia na uwanja kwa furaha, anasema mama anaondoka naye leo, mizigo iko garini, eti leo, jamani, mtu aseme nini, huyu tumelala naye kitanda kimoja akinipiga mateke, akili zake zikampeleka shule, nguvu zangu zikanibakiza shambani na baba, na sikumwonea wivu, kweli tupu, nilijiambia yeye atakuwa na meno ya watu, mimi nitakuwa na mama, nikaona nimepata fungu nono... umemrubuni, nataka kumwambia, umekuja na gari lako na maneno matamu, nani huko atamkanda miguu, nani anajua chai yake anaitaka ya moto mpaka inaunguza, yote haya yako kooni, hayatoki, na yeye anaegemea ua, kashusha sauti.

"Kaka, sikumshawishi. Mama mwenyewe ndiye aliyenipigia simu."

Mikono inaendelea yenyewe.

"Anasema nyumba imekuwa kimya mno. Anakuongelesha, humjibu."

Simjibu? Mimi? Mbona kutwa naongea naye, nalima huku namsimulia, mahindi yameshika, jirani kaoa tena mzee yule hana haya, narudi kichwa kimejaa maneno ya kumwambia, namwekea kuni, namchotea maji, tunakaa tunakula, nilidhani anasikia... kumbe yote yalikuwa humu ndani tu, masikini mama, jioni zote hizo ameketi mbele yangu akingoja neno na mimi nampa kuni, nimempenda kimoyomoyo mpaka nimemfukuza, na huyu hata hasira hana, angenitukana ningepata pa kuanzia, ananionea huruma, na ndiyo inaniua... sasa nasikia hatua zake mama uwanjani, taratibu, anauliza, "Kaka yako hajamaliza kukamua?" na anasimama, hapandi gari, anangoja, bado ananingojea, neno moja tu, mama usiende, nalitafuta, nalishika, nalisukuma mpaka kwenye ulimi, nafungua mdomo, ng'ombe anainua mguu, na sauti yangu, ya kwanza tangu kuche, inatoka kavu, inamwambia ng'ombe tulia.