Shavu la Kushoto la Rosine

Wewe unayenisikiliza, leo ukiulizwa uso wa mama yako ulikuwaje, utaanzia wapi?

Kwetu sisi, uso wa binti yangu Rosine ulikuwa umebaki kwenye foto moja tu, na ukungu ulikuwa ukiila. Kila majira ya mvua doa lilipanda. Lilianzia kwenye kola ya kitenge, likashika kidevu, na mvua hizi za juzi likaingia shavuni. Mjukuu wangu Emmanuella alifiwa na mama yake, huyo Rosine, angali ananyonya. Hajawahi kuniuliza habari zake, nami jina la Rosine hunikwama kooni kama mwiba wa samaki. Aliloshikilia ni moja: tununue kompyuta ya nyumbani, ya kutengenezea picha, amponye mama yake kwa mkono wake mwenyewe kabla ukungu haujafika machoni.

Tukatoka kijijini kwetu Wamaza kwa pikipiki, foto nimeifunga ndani ya nailoni na kuificha kifuani, matope yakiturukia hadi kwenye nyusi. Tulipofika mjini Kasongo, mwenye duka la kompyuta, kijana mpole aitwaye Christophe, alituwekea mashine mbili mezani. Moja ilikuwa nyembamba, kioo chake kinang'aa kama mawese yaliyochujwa. Nyingine ilikuwa nzito, kifuniko kimekwaruzika, kioo kimefifia. Akaiingiza foto yetu katika zote mbili.

Kwenye ile nyembamba binti yangu alitoka amepauka, kama mtu aliyeamka na homa. Kwenye ile nzito alikuwa na rangi yake mwenyewe, ya udongo wa kichuguu.

"Hii yenye kungaa ndiyo ya kisasa, bibi," Christophe akasema. "Hata bibi-harusi wataipenda."

"Bibi-harusi hatuna, baba. Tuko na marehemu. Musafishe kwanza, tuone."

Nilisema asafishe. Mimi niliwaza doa. Kumbe kwa watu wa foto neno hilo lina kazi nyingine: wakikusafisha, wanakutoa weusi, wanakulainisha ngozi kama sahani. Vidole vya Christophe vikakimbia. Doa likatoka, na kovu la juu ya jicho likatoka nalo, lile alilolipata Rosine siku alipoangukia ukingo wa kinu. Na kwa kuwa shavu la kushoto lilikwisha kuliwa, alichukua la kulia, akaligeuza, akalibandika upande wa pili.

"Ona sasa! Iko muzuri sana."

"Ni muzuri," nikamwambia, "lakini si mutoto yangu. Huyu nikikutana naye sokoni, nitamupita."

Hakukasirika. Alirudisha kila kitu kilivyokuwa, akahamia kwenye ile nzito, akaanza upya, polepole, kama mtu anayetoa funza kwenye kidole cha mtoto. Safari hii weusi ulibaki, kovu likabaki. Lakini kila alipofuta doa, chini yake palikuwa patupu. Nilisogea hadi pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo. Nilikuwa nikitafuta kishimo chake cha kucheka, kilichokuwa kwenye shavu hilo la kushoto tu. Hapakuwa na kitu.

Christophe akaondoa mkono. "Bibi, mashini inatoa uchafu tu. Kitu chenye kilikwisha kukuliwa, haiwezi kukirudisha."

"Basi kwa kazi hii, ipi ndiyo bora?"

Akaziangalia zote mbili, kisha akanitazama mimi. "Kwa hii kazi? Hakuna."

Nje, mtu alikuwa akipiga honi, akicheka. Nilimgeukia Emmanuella na utani wetu wa bibi na mjukuu. "Muke mwenzangu, sema kitu. Wewe ndiye ulinipandisha pikipiki na haya magoti yangu."

Emmanuella hakucheka. Aliweka kidole kwenye kioo, pale palipokuwa patupu. Kisha kwa mkono wa pili akajigusa shavu.

"Bibi," akasema, "mimi sikutaka mashini. Nilitaka tu kujua kama niko nafanana naye."